Triga kati ya jenereta ya ishara na multimita: mosfeti zote zinasoma miliomu 100, nakosea wapi?

Fundi wa Langoni (Lamu)

Assalaam alaykum, wakubwa kwa wadogo.

Swali langu ni la triga, yaani ishara inayokiambia chombo kianze kupima, lakini nianze na friza maana ndiyo iliyonifikisha hapa.

Mimi ni fundi wa inveta na chaja za sola hapa Lamu mjini. Mwezi uliopita mzee mmoja mvuvi aliniletea inveta ya volti 12, wati 1000, inayoendesha friza yake ya samaki. Upande wa betri ina mosfeti (swichi za silikoni) nane za IRF3205, nne kila mkono, zimekaa sambamba. Tatu zilikuwa zimepasuka. Nikatoa zote nane, nikaweka mpya kutoka pakiti niliyoagiza duka moja la mtandaoni. Ikaenda siku nne. Asubuhi ya siku ya tano nilipoitwa, friza imeshayeyuka, changu na tewa wamelainika, maji yanatiririka mpaka barazani, na mzee amekaa kizingitini hanisemeshi. Nikaweka nane nyingine za pakiti ile ile, bure. Siku sita, zikaungua tena.

Nikaanza kuzishuku mosfeti zenyewe. Maandishi mgongoni yako sawasawa, miguu inang'aa, multimita ya mkono inasema ni nzima. Lakini multimita ya mkono haiwezi kuniambia kitu ninachotaka kukijua. IRF3205 ya kweli ikiwashwa kwa volti 10 kwenye gati, yaani mguu wa kuiwasha, ukinzani kati ya dreni na sosi, miguu miwili inayopitisha mkondo, hauzidi miliomu 8. Nyaya za multimita peke yake zina zaidi ya hapo. Na zikiwa nne sambamba, moja ya kweli ikichanganywa na tatu za bandia, ile ya kweli ndiyo inayobebeshwa mzigo wa wenzake mpaka inakufa.

Kwa hiyo nimeamua: haiingii mosfeti kwenye inveta ya mtu kabla sijaipima kwa ampea 30. Ampea 30 mfululizo zitaipasha moto, na ukinzani wa mosfeti hupanda na joto, utakuwa unapima joto badala ya kidude. Ndiyo maana datashiti nyingi husema pulsi, yaani kipindi kifupi cha kuiwasha, isizidi mikrosekunde 300 na isichukue zaidi ya asilimia 2 ya muda. Nikajenga hivyo.

Kapasita nne za mikrofaradi 10,000 ziko sambamba, zimechajiwa volti 12 na pawa saplai niliyoibana ampea moja. Kutoka hapo mkondo unapita rezista kumi za omu 3.9 zilizo sambamba, unaingia dreni, unatoka sosi, unapita chanti (rezista ndogo ya kupimia mkondo) ya sola ya ampea 50 milivolti 75, unarudi kwenye hasi ya kapasita. Gati inapigwa moja kwa moja na chaneli 1 ya jenereta ya ishara, chombo kinachotoa pulsi za volti na muda ninaoutaka: volti 10 kwa mikrosekunde 300, mara moja kila sekunde. Volti ya dreni hadi sosi inasomwa na multimita ya mezani ya tarakimu sita na nusu, mtumba, lakini nimeilinganisha na nyingine na iko sawa. Nina skopu pia, chombo kinachochora volti kadiri muda unavyokwenda, ya chaneli mbili, biti 8.

Mwanzo niliendesha kila kitu kwa laptop kupitia USB. Programu inaiambia jenereta ipige, kisha inaiambia multimita ipime. Nilipoweka skopu nikaona kati ya amri hizo mbili safari moja zinapita milisekunde 4, safari nyingine 17. Pulsi yangu haifiki hata theluthi ya milisekunde. Nikaachana na laptop, nikavuta kebo ya BNC kutoka tundu la sinki la jenereta, linalotoa alama kila inapopiga pulsi, mpaka tundu la triga nyuma ya multimita. Ikasoma volti 12 kila mara. Siku mbili zimepita ndipo nikasoma kitabu chake vizuri: inashtuka kwa ukingo wa kushuka, na sinki inapanda pulsi inapoanza, inashuka inapokwisha. Ilikuwa inafika shughuli imeshaisha.

Sasa triga inatoka chaneli 2. Imekaa volti 5, inashuka sifuri, na naweza kuitanguliza au kuichelewesha nitakavyo kulinganisha na gati. Multimita nimeiweka kwenye mwendo wake wa haraka kuliko yote, mizunguko 0.02 ya umeme wa nyumbani. Nikaanza kuisogeza triga kwa hatua za mikrosekunde 50. Haya ndiyo niliyoyaandika daftarini:

12.0, 10.5, 9.1, 7.6, 6.1, 4.6, 3.1, 3.1, 3.1, 4.6, 6.1…

Haishuki chini ya 3.1. Nimebadilisha kebo, nimebadilisha mosfeti, nimeweka hata ile moja ya zamani iliyotoka kiwandani na inveta, ambayo nina hakika nayo. Ni 3.1 tu. Ukigawa kwa ampea 30 unapata miliomu 103. Haiwezekani zote ziwe mbovu sawasawa namna hiyo.

Nadhani triga yangu inatetereka, lakini kwenye skopu kingo mbili zimetulia kama zimechorwa. Mwenye kuelewa anisaidie. Mzee yule bado anahifadhi samaki kwenye boksi la barafu, na barafu anainunua kila siku.

Kijana Sola (Malindi)

Kaka, mbona unajitesa na makebo? Andika programu ipime mara elfu halafu chukua namba ndogo kuliko zote. Lazima mara moja itaangukia katikati ya pulsi.

Bi Maabara (Malindi)

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Pole kwa mzee na samaki wake.

Nianze na Kijana Sola, na usichukie mwanangu. Namba ndogo kuliko zote tayari anayo, ni 3.1. Angepima mara elfu angepata 3.1 mara nyingi zaidi. Na laptop hata ukiipigia magoti haitafaa kwa kazi hii. Watu wakivuta jahazi kulipandisha ufuoni hawatumiwi ujumbe mmoja mmoja. Anaimba mmoja, wote wanasikia sauti ile ile, wanavuta. Laptop inapiga hodi kwa jenereta, inangoja ijibiwe, ndipo inakwenda kwa multimita, na njiani ina shughuli zake nyingine. Waya mmoja wenye ukingo mmoja ndiyo sauti ya mwimbishaji. Fundi amefanya sawa kabisa kuhamia kwenye waya.

Sasa Fundi, triga yako haina kasoro yoyote. Namba ulizoziandika ni nzuri mno, nimezisoma mara tatu. Zitazame tena nami.

Kila unaposogeza mikrosekunde 50, namba inashuka volti 1.5 hivi. Kwa nini iwe kiasi kile kile kila hatua? Kwa sababu multimita haipigi picha ya nukta moja. Inafungua dirisha, inakusanya kila kinachopita, inafunga, inakupa wastani. Umeme wetu ni hezi 50, mzunguko mmoja ni milisekunde 20, na mizunguko 0.02 ni mikrosekunde 400. Hilo ndilo dirisha lako. Kila hatua ya 50 unahamisha sehemu moja ya nane ya dirisha kutoka kwenye volti 12 kwenda kwenye karibu sifuri. Volti 12 gawa kwa nane: 1.5. Multimita imekuandikia urefu wa dirisha lake yenyewe.

Pulsi yako ni 300 na dirisha ni 400. Hata ukilipanga kwa ustadi wa namna gani, mikrosekunde 100 zinabaki nje, na nje mosfeti imezimwa, dreni imekaa kwenye volti 12. Robo ya 12 ni 3. Ongeza robo tatu za ile milivolti 200 na kitu unayoitafuta, unapata 3.1 na ushee. Na namba imerudia mara tatu kabla ya kupanda, yaani mikrosekunde 100 za tambarare, ambazo ni 400 kutoa 300. Kila kitu kinakubaliana.

Kwa hiyo unapima volti ya kapasita, ukadhani ni mosfeti.

Dawa yake ni kurefusha pulsi iwe milisekunde 1. Najua umekariri 300, na kanuni hiyo ina maana, lakini fanya hesabu ya joto kwa kipimo chako wewe. Ampea 30 kwa miliomu 8 ni volti 0.24, ni wati 7 na kidogo. Wati 7 kwa milisekunde moja ni mijouli 7. Kipande cha silikoni ndani ya kasha la TO-220 hakitapanda zaidi ya nyuzi moja au mbili. Anayepima mosfeti ikiwa imewaka nusu, volti 25 juu yake na mkondo mkubwa, huyo ana wati mamia, na kwake kila mikrosekunde ni ghali. Wewe unapima ikiwa imewaka kabisa.

Ukirefusha, rudia kusogeza triga kama ulivyofanya. Utapata bonde lenye sakafu ya mikrosekunde 600. Usikae ukingoni mwake, kaa ndani.

Lakini kuna jambo la pili, na hili litakuuma hata dirisha likikaa vizuri. Kabla ya pulsi pembejeo ya multimita inaona volti 12, kisha ghafla unaitaka isome milivolti 200 kwa uangalifu. Ukiiweka kwenye safu ya volti 1 itakuwa imezidiwa, na kifaa kilichozidiwa huchukua muda kurudi akili yake. Skopu nayo vile vile. Ukiiacha kwenye volti 2 kwa mraba, miraba minane ni volti 16, gawa kwa ngazi 256 za biti 8: ngazi moja ni milivolti 62. Utapimaje milivolti 200 kwa rula ya namna hiyo? Weka rezista ya kiloomu 1 kutoka dreni, na baada yake dayodi mbili za 1N4148 zilizofuatana kuelekea sosi. Pima baada ya rezista. Mosfeti ikizimwa hapo patasimama kwenye volti 1.4 hivi, ikiwaka patashuka mpaka milivolti zako na dayodi zitakuwa kama hazipo. Ziwe mbili zilizofuatana. Moja peke yake kwenye milivolti 240 huanza kuvuja kidogo, na kidogo hicho kikipita kwenye kiloomu 1 kinaweza kukuharibia tarakimu ya tatu.

Zima kujichagulia safu, zima chelewesho la kujiwekea lenyewe, zima kujisahihisha sifuri. Multimita ikiachiwa uhuru itakuwa inafanya mambo yake wewe unapoitaka ikungoje.

Mzee wa Athi (Malindi)

Bi Maabara amesema yote ya dirisha, sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kujua athi za vyombo vyako zinakutana wapi, maana hujataja.

Ganda la BNC la jenereta limeunganishwa na athi ya plagi. La skopu pia. Sasa ukishika athi ya skopu kwenye hasi ya kapasita na athi ya jenereta kwenye sosi, umeifunga chanti kwa waya wa athi, na sehemu ya ampea 30 itapita kwenye ganda la kebo yako ya triga. Nimeona kebo ya triga inapeleka ukingo wa uongo kwa sababu hiyo hiyo tu, chombo kinashtuka mara mbili kwa pulsi moja na mwenyewe anabadilisha programu wiki nzima.

Athi zote zikutane kwenye mguu wa sosi, pale unapoingia kwenye kasha, pasipo kwingine. Chanti utaisoma hasi kwenye skopu. Igeuze kwa kitufe, haina neno. Pawa saplai iache ielee, usiunge hasi yake na athi. Nyaya za multimita zishike miguu ya dreni na sosi yenyewe, kila waya na mguu wake, zisipite kwenye bano lile lile linalobeba ampea 30. Bano moja lenye kutu ya hewa ya bahari lina miliomu kuliko mosfeti yako.

Jambo lingine. Dirisha la mikrosekunde 400 haliwezi kufuta mvumo wa umeme wa nyumba kama linavyofuta dirisha la milisekunde 20. Utachukua wastani wa pulsi nyingi, sawa. Lakini ukipiga pulsi kila sekunde moja kamili, sekunde moja ni mizunguko 50 kamili, kila pulsi itaangukia karibu mahali pale pale pa wimbi. Utachukua wastani wa kosa lile lile. Piga kila sekunde 1.03. Hiyo ni mizunguko 51 na nusu. Pulsi moja inaangukia mgongo wa wimbi, inayofuata inaangukia tumbo, zinafutana. Chukua idadi inayogawanyika kwa mbili.

Fundi wa Langoni (Lamu)

Shikamoo Mzee wa Athi, shikamoo Bi Maabara. Nimechelewa kurudi kwa sababu sikutaka kuja mikono mitupu.

Usiku wa Jumatano baada ya isha nilifunga duka nikakaa na mashine peke yangu. Nilianza na athi, maana Mzee amenishika pabaya: athi ya skopu ilikuwa kwenye hasi ya kapasita na ya jenereta kwenye sosi, kama alivyosema bila kuona. Nikazihamisha zote kwenye mguu wa sosi. Halafu nikaweka kiloomu 1 na dayodi mbili. Halafu pulsi ya milisekunde 1, kila sekunde 1.03.

Nikasogeza triga tena kwa hatua za 50, na mosfeti ya zamani iliyotoka kiwandani. Namba ikateremka, ikafika chini, ikakaa. Sakafu ilianza triga ikiitangulia gati kwa mikrosekunde 150, ikaisha triga ikiwa nyuma ya gati kwa 450. Jumla 600 kama Bi Maabara alivyoniandikia kabla sijagusa kitufe. Nilisimama nikaizunguka meza. Kutokana na hapo nimejua pia kwamba multimita hii ikishapokea triga inajivuta mikrosekunde 150 kabla ya kufungua dirisha. Kitabu chake hakikuniambia hivyo kwa lugha ninayoielewa, sakafu ya bonde imeniambia. Sasa naipa triga mikrosekunde 250 baada ya gati: dirisha linafunguka 400, linafunga 800, na pulsi inaendelea mpaka 1000.

Jambo moja lilinishtua. Sakafu si tambarare kabisa. Upande wa kushoto ilisoma milivolti 195, upande wa kulia 188. Nikadhani ni joto, kisha nikakumbuka joto lingeipandisha, lisingeishusha. Nikapima chanti kwenye nafasi zile zile: kushoto milivolti 44.4, kulia 42.8. Chanti yangu ni miliomu 1.5, kwa hiyo ni ampea 29.6 na ampea 28.5. Kapasita zinapungukiwa pulsi inapoendelea, mkondo unashuka nazo. Gawa volti kwa mkondo wa dirisha lile lile, kushoto unapata miliomu 6.6, kulia unapata miliomu 6.6.

Hapo ndipo nilipoelewa triga ni ya nini hasa. Nilidhani kazi yake ni kuiamsha multimita. Kumbe kazi yake ni kuhakikisha volti na mkondo vimepimwa ndani ya dirisha moja. Ningepima volti mwanzoni mwa pulsi na mkondo mwishoni ningepata namba nzuri ya kuvutia, na isingekuwa ya mosfeti hata kidogo. Multimita ni moja, kwa hiyo ninapiga pulsi 16 nikiwa kwenye dreni, nahamisha nyaya kwenye chanti, napiga 16 nyingine bila kugusa kitu kingine.

Nikahakikisha kwa njia moja zaidi: nikatoa mosfeti, nikaweka chanti ya pili mahali pake. Imesoma miliomu 1.5, imezidi kwa sehemu moja ya mia. Niliridhika, nikaingia kwenye pakiti.

Zilibaki ishirini. Kumi na tatu zimesoma kati ya 6.3 na 7.0. Saba zimesoma 11, 12, 12, 14, 15, 17 na 18. Mgongoni maandishi ni yale yale, namba ya kundi ni ile ile. Nimezipasua mbili kwa koleo, moja ya 6.5 na ile ya 18. Ndani ya ile ya 18 kipande cha silikoni hakifiki nusu ya mwenzake. Nimeviweka viwili hivyo kwenye karatasi nyeupe mezani, na kila mteja anayekuja kulalamikia bei ya kazi namwonyesha.

Nimechagua nane zilizokaribiana, 6.5 mpaka 6.7, nimeziweka kwenye inveta ya mzee. Leo ni siku ya tisa.

Kijana Sola (Malindi)

Bi Maabara, sikuchukia, nimejifunza. Fundi, ukipata multimita ya pili utaziungaje zote kwenye triga moja? Mimi nina mbili.

Bi Maabara (Malindi)

Usizipandanishe na kipande cha T ukategemea bahati, mwanangu. Tundu la jenereta lina omu 50 ndani yake, na chombo chenye omu 50 upande wa pili kitakukatia volti 5 ziwe 2.5. Kimoja kitashtuka, kingine kitasita. Chukua IC ya 74HC14, ina vigeuzi sita ndani yake na kila kimoja kinasafisha ukingo. Ishara iingie kigeuzi kimoja, kisha itawanywe kwa vingine viwili, kila multimita na chake. Ikipita vigeuzi viwili inatoka kama ilivyoingia, kwa hiyo ukingo wa kushuka unabaki wa kushuka. Kuchelewa kwake ni makumi ya nanosekunde, kwa dirisha la mikrosekunde 400 ni kama hakuna. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 iwe karibu kabisa na miguu ya umeme ya IC.

Urefu wa kebo usikusumbue. Mita moja ni nanosekunde 5 hivi. Ila kabla ya kuziamini multimita mbili zisogezee triga moja moja, utafute bonde la kila moja. Hata zikiwa za aina moja usidhani zinachelewa sawa.

Fundi wa Langoni (Lamu)

Naam, na mimi nitafanya hivyo nikipata ya pili.

Watu watatu wameniuliza kando kuhusu rezista. Ni omu 3.9, wati 10, za kauri, kumi sambamba, nimezilehemu kati ya vipande viwili vya shaba vilivyotoka kwenye kebo nene ya betri. Mwanzoni mwa pulsi mkondo unachelewa kupanda kidogo kwa sababu ndani ni waya uliozungushwa, lakini kwenye mikrosekunde 400 umeshatulia zamani. Mwenye mosfeti anayetaka nimpimie alete. Ziwe hazijalehemewa, miguu haijakatwa, na aje asubuhi kabla jua halijaingia mlangoni, maana mchana chumba kinafika nyuzi 33 na namba zote zinapanda.